Jina fupi la mtandao si kiwanja cha Kariakoo

Ipo hoja inayozunguka miongoni mwa vijana wenye akiba kidogo, kwamba biashara ya kisasa si hisa wala nyumba ya kupangisha, bali ni kununua majina mafupi ya intaneti na kuyalaza mpaka tajiri wa Marekani au China ayahitaji. Hoja yenyewe ni nyepesi na inavutia. Herufi ni 26 tu na hazitaongezeka, wakati makampuni yanazaliwa kila siku. Anayeshika jina fupi leo, wanasema, ni sawa na mzee aliyeshika kiwanja Kariakoo kabla ghorofa hazijaanza kupanda.

Safu hii inaona kuwa nusu ya mfano huo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kummalizia mtu mtaji.

Kwa msomaji ambaye hajaingia katika mambo haya, tunazungumzia ile anuani inayoandikwa kufungua tovuti, ambayo wataalamu huiita jina la kikoa. La kwanza kabisa lenye mwisho wa .com, symbolics.com, liliandikishwa tarehe 15 Machi, 1985. Kwa miaka kumi majina yalikuwa bure kwa yeyote aliyeomba. Ada ilianza Septemba 1995, dola 100 kwa miaka miwili.

Uhaba hauna ubishi, kwani ni hesabu ya shule ya msingi. Majina ya herufi mbili yenye .com hayawezi kuzidi 676. Ya herufi tatu ni 17,576. Ya herufi nne ni 456,976. Ya herufi moja karibu yote yalizuiwa mwaka 1993, na kwa upande wa .com yaliyonusurika ni matatu tu: q, x na z. Makundi yote haya yalikwisha kuchukuliwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo anayetaka jina la namna hiyo lazima alinunue kwa mtu.

Na wapo walionunua kwa bei za kushangaza. Facebook ililipa dola milioni 8.5 mwaka 2010 kupata fb.com. Mwaka 2014 kampuni ya GMO Internet ya Japani ilitoa yen milioni 800 kwa z.com. Mwaka uliofuata Qihoo 360 ya China ikalipa dola milioni 17 kwa 360.com. Habari hizi ndizo zinazosambazwa na madalali wa majina, na ni za kweli. Kinachoachwa nyuma ni swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza kwanza: nani aliuza?

Fb.com iliuzwa na American Farm Bureau Federation, shirikisho la wakulima wa Marekani, ambalo herufi hizo zilikuwa za jina lake. Z.com ilikuwa ya Nissan, wenye magari ya aina ya Z. 360.com ilikuwa ya Vodafone, iliyowahi kuwa na huduma ya jina hilo. Hakuna mlanguzi hata mmoja kati yao. Hawa walikuwa na majina kwa ajili ya shughuli zao wenyewe, hawakuwa na njaa ya kuuza, na walibishiwa hodi na mnunuzi mwenye fedha asiyekuwa na jina mbadala. Ukiwa na jina unalolihitaji mwenyewe, unaweza kukaa kimya miaka ishirini ukingoja bei. Ukiwa umelinunua kwa fedha ya kukopa ili uliuze, huwezi kukaa miaka miwili.

Mlanguzi naye huwahi kushinda, tusimnyime haki yake. Business.com ilinunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997 na kuuzwa dola milioni 7.5 mwaka 1999. Lakini tazama mwaka. Ilikuwa kilele cha homa ya makampuni ya intaneti, homa iliyopasuka mwaka 2000. Baadaye, mwaka 2007, jina hilo pamoja na biashara iliyojengwa juu yake lilinunuliwa kwa dola milioni 345 na kampuni ya R.H. Donnelley. Kampuni hiyo iliomba kinga ya muflisi mwaka 2009. (Haikufilisiwa na jina peke yake, ilikuwa na madeni mengine ya kutosha.)

Sasa turudi kwenye kiwanja. Wapo watakaosema kwamba hata ardhi hapa Tanzania haimilikiwi milele, maana hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 na kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka. Ni kweli. Lakini kiwanja kisichouzika unaweza kukilima mchicha, kukipangisha kwa mafundi magari, au kujenga fremu mbili ukapata kodi. Jina lililolala halizai kitu. Katika miaka ya 2000 wenye majina waliweka matangazo juu yake, wakaokota senti kutoka kwa watu walioandika anuani kwa kubahatisha. Siku hizi watu hutafuta moja kwa moja kwa simu, na kisima hicho kimekauka kwa sehemu kubwa.

Isitoshe, "hati" ya jina la .com haizidi miaka kumi kwa mara moja. Ukisahau kulipa, wakala anaweza kukupa siku za neema, kisha jina linaingia katika siku 30 za kukombolewa kwa faini, kisha siku tano za kungoja kufutwa, halafu linanyakuliwa na kompyuta za wanaovizia. Kodi yenyewe nayo haisimami. Verisign, kampuni ya Marekani inayoshika daftari la .com, ilikuwa ikiwatoza mawakala dola 7.85 kwa jina kwa mwaka mpaka 2021. Kufikia Septemba 2024 ilikuwa dola 10.26. Wakala anaongeza chake, na mlipaji aliyeko Dar es Salaam au Mwanza anaanza kwa kutafuta dola.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye biashara alinionyesha karatasi yenye majina yake mia moja, karibu yote ya herufi nne na tano, akanitaka nikadirie utajiri wake. Nilichukua kikokotoo. Majina mia moja kwa dola 12 kila moja ni dola 1,200 kwa mwaka. Akibahatika kuuza moja kila mwaka, na dalali wa mtandaoni akakata asilimia 20, jina hilo lazima liuzwe dola 1,500 ndipo arudishe ada ya mwaka mmoja. Hapo bado hajagusa fedha alizoyanunulia, na bado hajajilipa hata nauli. Asipouza kwa miaka mitatu, dola 3,600 zimekwenda. Hati fungani ya Serikali, pamoja na uchovu wake wote, humlipa mwenye nayo riba kila baada ya miezi sita.

Alinijibu kwamba thamani ipo, ila mnunuzi hajafika. Sisi tuliosoma vitabu vilevile tulifundishwa kwamba bei ni mahali mnunuzi na muuzaji wanapokutana. Hisa iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, hata ile isiyonunuliwa mara kwa mara, ina bei inayotangazwa kila siku ya kazi. Jina la mtandao halina. Lina mtu mmoja duniani anayelitaka, au halina mtu.

Mara moja tu katika miaka ya karibuni majina mafupi yamewahi kuuzwa kama mahindi, kwa gunia, bila kujali yanasomekaje. Hiyo ilikuwa 2015, fedha za Wachina zilipoingia. Kwa kuwa Mchina huandika lugha yake kwa herufi za Kirumi kwa kuchukua herufi ya mwanzo ya kila neno, irabu hazikuwa na kazi kwake, wala herufi v, ambayo haimo katika mfumo huo. Zikabaki herufi 20, na kila jina la .com lenye nne kati ya hizo likahesabiwa kuwa "bora". Ya tarakimu nayo yalipangwa kwa bei: nane inapendwa, nne inakwepwa kwa sababu matamshi yake yanafanana na neno la kifo. Jina la herufi nne ambalo lilikuwa likipatikana kwa dola mia chache lilipanda mpaka zaidi ya dola 2,000 ilipokaribia mwisho wa mwaka. Watu walikuwa wakinunua asubuhi na kuuza jioni.

Mwaka 2016 wanunuzi wakapungua, na bei zikateremka. Hakuna kampuni iliyokufa wala sheria iliyobadilika. Herufi zilikuwa zilezile 20, na majina yalikuwa yaleyale 160,000. Kama uhaba ndio unaoweka bei, ni kitu gani kilichoteremsha? Waliokuwa wakinunua hawakuwa makampuni yenye haja ya anuani. Walikuwa walanguzi wakiuziana, na wa mwisho katika foleni ndiye aliyebaki na ada ya kulipa. Anayekumbuka upatu ataelewa haraka.

Yapo mambo mengine mawili matatu ambayo dalali hatayasema.

La kwanza ni wizi. Mwaka 1994 Mmarekani Gary Kremen aliandikisha sex.com, jina ambalo si la kutaja mbele ya wakwe lakini lilikuwa na fedha. Mwaka 1995 Stephen Cohen alipeleka barua ya kughushi kwa waandikishaji, Network Solutions, nao wakamhamishia. Kremen alihangaika miaka mitano ndipo akarudishiwa. Mwaka 2001 mahakama ilimpa tuzo ya dola milioni 65, lakini mdaiwa alikwisha kimbilia Mexico. Ni mwaka 2003 tu mahakama ya rufaa ilipotamka wazi kwamba jina la mtandao ni mali inayoweza kuporwa kama mali nyingine. Kremen alikuwa na mawakili na uvumilivu. Mwenye majina yake kwenye barua pepe yenye nywila ya tarehe ya kuzaliwa ana nini?

La pili ni alama za biashara za wengine. Tangu 1999 upo utaratibu wa dunia nzima, chini ya ICANN, ambao kampuni inaweza kuutumia kulidai jina lililosajiliwa kwa nia mbaya. Ukishindwa, jina linahamishwa na hulipwi fidia. Herufi tatu zinazotumiwa na makampuni kumi zina nafuu, kwa sababu hakuna mmoja anayeweza kusema ni zake peke yake. Lakini yule anayechukua jina la benki na kulipunguza herufi moja anajitafutia kesi.

La tatu ni huu mtindo wa kuuziwa "ufupi" wenye mwisho wa ajabu. Tangu miisho mipya ilipoanza kufunguliwa mwaka 2013, imeongezeka zaidi ya elfu moja. Herufi nne zilizokuwa adimu chini ya .com sasa zinapatikana chini ya mingi ya miisho hiyo. Huo si uhaba tena. Na baadhi ya majina hayo mafupi hutozwa ada ya juu kila mwaka, si mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo soma bei ya kuhuisha kabla ya kuona bei ya kununulia. Miisho ya nchi nayo ina siasa zake. Ule wa .ai ni wa kisiwa kidogo cha Anguilla, ambacho mwaka 2023 kilipata zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali yake kutokana na majina hayo. Hapo aliyefaidika kwa uhakika ni mwenye daftari. Ule wa .yu, wa Yugoslavia, ulifutwa mwaka 2010, nchi yenyewe ikiwa imekwisha kutoweka.

Nani basi anunue? Mwenye mtaji mkubwa, anayeweza kushika jina la herufi mbili au tatu bila kutikiswa na ada, na anayeweza kungoja miaka kumi, huyo na ajaribu. Haandikiwi safu hii. Mwenye shilingi milioni tatu za akiba akae mbali na masalio ya herufi nne yenye q na x, hata akielezwa vipi kwamba mgeni anakuja.

Jina moja tu analolihitaji ni la biashara yake mwenyewe, na hapa wafanyabiashara wengi wamelala. Mtu anamwita kijana wa kompyuta amtengenezee tovuti, anamlipa, na hajui kwamba jina limeandikishwa kwa jina la yule kijana na kwa barua pepe ya yule kijana. Siku wakikosana, au kijana akihama mji, duka limebaki na kibao ambacho si chake. Daftari la mawakala hutazamwa kwa dakika tano. Omba uonyeshwe nani ameandikwa kuwa mwenye jina, barua pepe ya nani inapokea taarifa za ada, na tarehe ya kwisha. Kama si wewe, dai uhamisho sasa wakati mnasalimiana.

Na ukitokea mgeni kwa barua pepe akasema anataka kulinunua kwa dola elfu kadhaa, ila kwanza ulipie cheti cha kuthibitisha thamani yake kwa kampuni anayoitaja yeye, usimjibu. Mnunuzi wa kweli huweka fedha kwa mtu wa kati, ndipo jina lihamishwe.