Beki Tatu Si Mahali pa Kutupia Watu

Mtaani kwetu neno beki tatu lina maana mbili. Ya kwanza ni mchezaji wa jezi namba 3, beki wa kushoto. Ya pili ni msichana wa kazi, yule anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko na kulala wa mwisho. Sitaki kujua neno lilihamaje kutoka uwanjani hadi jikoni. Naona tu kwamba wote wawili tunawatendea sawa. Tunawaweka pembeni, hatuwafundishi kitu, na mambo yakiharibika wao ndio wa kwanza kutukanwa.

Leo ugomvi wangu ni na makocha wa Eastlands. Nawaheshimu, wengi wao wananunua mipira kwa pesa ya mfukoni. Lakini naandika ripoti za mechi za mtaa kwa malipo yasiyotosha hata fare ya kurudi, nimezunguka kuanzia Ziwani hadi Kayole, na timu zinapangwa vile vile kila mahali. Kwanza straika. Halafu namba kumi, ambaye mara nyingi ni rafiki wa kocha. Halafu mabeki wa kati, wale warefu. Mwishoni kocha anaangalia waliobaki na kuuliza, "Nani atacheza tatu?" Kimya. Basi anapewa kijana mpole aliyechelewa kufika, ambaye mguu wa kushoto anautumia kupandia matatu tu.

Ukimuuliza kocha, jibu liko tayari: mchezaji mzuri anacheza popote. Ni jibu tamu, na ni uongo.

Hebu tazama huyo kijana akipata mpira karibu na laini. Anatumia mguu wa kulia, kwa hivyo lazima ageuze mwili kuelekea ndani, kule kwenye watu. Winga wa wapinzani hahitaji akili nyingi. Anasimama upande wa ndani, anamwachia laini, na yule kijana hana mguu wa kuitumia. Atarudisha kwa kipa, au atabutua nje, au atajaribu chenga ya pili na kunyang'anywa. Akipanda mbele kupiga krosi, lazima asimame, aurudishe mpira kwenye mguu wa kulia, ndipo apige. Hizo sekunde mbili zinamtosha beki kurudi na kujipanga. Mwenye mashoto angekuwa amepiga zamani, tena akiwa mbioni.

Si yeye peke yake anayeumia. Wapinzani wakijua upande mmoja umekufa, wanasukuma mchezo mzima huko. Kiungo wako anaacha kazi yake kwenda kumsaidia. Katikati panabaki wazi. Unafungwa goli la katikati, halafu jioni kibandani watu wanamlaumu kiungo. Kumbe ugonjwa ulianzia pale kocha alipouliza nani atacheza tatu.

Michezo mingine ilishafanya hesabu hii. Kwenye besiboli ya Marekani, mpira wa kupinda wa mrushaji wa mkono wa kulia humkimbia mpigaji wa kulia, lakini humjia yule wa kushoto. Kwa hivyo makocha huchanganya wapigaji wa kushoto na wa kulia ili mrushaji asizoee. Casey Stengel alikuwa akiwabadilisha wachezaji wa New York Yankees kulingana na mkono wa mrushaji wa siku hiyo, na akashinda ubingwa miaka 5 mfululizo, 1949 hadi 1953. Wapinzani nao walizoea kumleta mrushaji wa kushoto kwa ajili ya mpigaji mmoja tu halafu kumtoa, hadi mwaka 2020 ligi ikaweka sheria kwamba mrushaji mpya akabili wapigaji wasiopungua 3, au amalize zamu ya kupiga. Mkono wa mtu ulikuwa na uzito wa kutosha kuandikiwa sheria.

Usiseme hayo ni ya wazungu. Kikosi chetu cha kriketi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, chini ya Steve Tikolo, kilikuwa na Hitesh Modi, mpigaji wa kushoto katikati ya wapigaji wa kulia. Wawili wa aina hiyo wakiwa pamoja uwanjani, kila wanapobadilishana nafasi mrushaji lazima abadilishe mwelekeo na nahodha wake ahamishe walinzi. Na siku ya Australia kule Durban, ni mkono wa kushoto wa Aasif Karim uliochukua wiketi 3 kwa mikimbio 7 tu, Ricky Ponting akiwa mmoja wao. Hatukushinda, lakini mabingwa wa dunia walitokwa jasho.

Sasa utaniambia, "Sawa, lakini mtaani hatuna wenye mashoto." Hapo ndipo napandwa na hasira. Karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani hutumia mkono wa kushoto. Watoto wa Mathare na Umoja hawakuumbwa tofauti. Tulikuwa nao. Tuliwanyoosha.

Mimi ni mmoja wao. Darasa la pili mwalimu alinipiga rula kwenye vidole hadi nikahamishia penseli mkono wa kulia, na mwandiko wangu mpaka leo unafanana na wa mtu anayeandika ndani ya matatu. Nyumbani ilikuwa adabu: usisalimie mzee kwa kushoto, usipokee chakula kwa kushoto. Chuoni nikakuta viti vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia peke yake. Sikuacha chuo kwa sababu ya kiti, niliacha kwa sababu ya karo, lakini kile kiti sikukisahau. Hata Kiswahili chenyewe kinatuchapa. Kulia ni mkono wa kulia chakula, au mkono wa kuume. Kushoto ni mkono wa kike. Ukiwa na mashoto umeshawekwa kapu moja na wanawake, na tunajua jamii hii inawaweka wapi wanawake.

Mtoto anayechapwa kwa kutumia mkono wake anajifunza kwamba upande wake mzima ni makosa. Akienda uwanjani anapiga mpira kwa mguu ambao wenzake wanapigia. Hakuna anayemwambia aache, na hakuna anayemwambia aendelee. Akifika miaka 14 ana miguu miwili ya kawaida badala ya mmoja wa hatari.

Halafu tunaenda kununua nje. Gor Mahia walimchukua Mganda Godfrey Walusimbi acheze beki wa kushoto. Alipoondoka kwenda Kaizer Chiefs mwaka 2018, nafasi ikaenda kwa Shafik Batambuze, Mganda mwingine. Sina neno na Waganda, walicheza vizuri na mkate wao ni halali. Nauliza tu: kutoka Jericho hadi Dandora kuna watoto wanaocheza kila jioni hadi giza liingie, na klabu kubwa inavuka Busia kutafuta mguu wa kushoto? Utanitajia Eric Ouma, tunayemwita Marcelo, beki wa kushoto aliyefika hadi AIK ya Sweden. Ndiyo. Na kila mara mjadala huu ukizuka ni jina hilo hilo tunalolitaja. Nchi nzima imeegemea jina moja.

Kuna kosa la pili, na hili hufanywa na makocha wanaojiona wajanja. Wakimpata mtoto wa kushoto wanashangilia, halafu wanamfunga pale pale namba 3 maisha yake yote. Hakuna anayemjaribu katikati. Hakuna anayemjaribu kulia. Riyad Mahrez ni wa mguu wa kushoto, na Algeria walimchezesha kulia ili aingie ndani na kupiga. Alitufunga Cairo mwezi Juni 2019, na wiki chache baadaye mpira wake wa adhabu dakika za nyongeza uliitoa Nigeria katika nusu fainali. Kwa hivyo msinielewe vibaya. Sisemi kila upande uwe na mguu wake kama viatu. Nasema mguu uwe jambo ambalo kocha amelifikiria. Kumweka wa kulia kushoto kwa sababu unataka aingie ndani kupiga, huo ni mpango. Kumweka kwa sababu amechelewa, huo ni uvivu.

Na uvivu huu una bei. Kwa kijana wa hapa mpira ni mojawapo ya milango michache isiyoulizia cheti. Nasema hivyo nikiwa mtu asiye na cheti. Maajenti wakija majaribioni wanakuta mawinga wa kulia thelathini wanagombania nafasi moja, na nafasi ya kushoto inasubiri mtu ambaye mwalimu alimnyoosha akiwa na miaka saba.

Dawa haihitaji bajeti ya kaunti. Kocha, wiki hii kabla ya mazoezi, waambie watoto wote wa chini ya miaka 12 wapige penalti bila kuwaambia watumie mguu gani, na uandike majina ya wa kushoto. Wape nusu saa yao kila wiki. Wajaribu beki wa kati, kiungo, winga wa pande zote mbili. Wale wa kulia nao wapige pasi za kushoto ukutani hadi miguu iume. Na ukipanga timu, anza na namba 3. Umtaje wa kwanza, kwa jina lake, mbele ya wenzake.

Mzazi, na wewe mwalimu, yenu ni rahisi zaidi: wekeni hiyo rula chini.