Simu Moja, Daftari Moja



Mmoja wenu aliazima simu ya dada yake ili aiulize programu ya akili bandia hesabu ya mirathi tuliyowapa. Akawa anasoma jibu kwa sauti mbele ya wenzake. Hesabu ilikuwa sawa, ila mwishoni programu ikaongeza: kwa kuwa ulisema mumeo hakupi matumizi, huenda ungependa kujua pia haki zako za nafaka. Darasa likacheka, kisha likanyamaza. (Tumeieleza habari hii kwa idhini ya dada huyo.)

Wengi hudhani mashine hizi hukumbuka kama mtu anavyokumbuka. Sivyo. Kila mazungumzo mapya huanza ikiwa haikujui kabisa. Kinachofanyika ni kwamba mambo uliyoyasema huwekwa kando kama vidokezo, na ukirudi, vidokezo hivyo husomwa pamoja na swali lako jipya. Ni kama mwalimu mgeni aliyekabidhiwa daftari la darasa mlangoni: hajapata kuwaona, lakini anajua nani mchelewaji.

ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 haikuwa na daftari hilo. OpenAI walitangaza kulijaribu Februari 2024, na Aprili 2025 wakalipanua ili irejee hata mazungumzo ya zamani. Na hapa ndipo wengi hukosea: kufuta mazungumzo hakufuti kidokezo kilichokwisha kuhifadhiwa. Sharti uingie kwenye mipangilio ukakifute huko, au uzime kumbukumbu yote. Pia yapo mazungumzo ya muda, ambayo hayatumii daftari wala hayaliongezi.

Wapo wenzetu wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku. Hatuafikiani nao. Anayejifunza nahau ya Kiarabu hufaidika programu ikikumbuka alipoishia jana. Lawama yetu ni kwamba daftari limetengenezwa kwa mtu mwenye simu yake peke yake, na nyumbani kwetu simu moja hushikwa na watu watano. Programu haijui mkono uliobadilika. Atakayeuliza baadaye, awe mtoto au mgeni, husomewa ya aliyemtangulia.

Simu ya madrasa tumeizima kumbukumbu. Dada yule sasa haazimi simu yake kwa mtu, na nduguye hufanya hesabu kwa kalamu.