Muziki Si Kijakazi wa Hesabu

Wako watetezi wanaomdhuru mtu wao kuliko adui yake. Muziki umepata watetezi wa namna hiyo. Wasema kwamba mtoto afundishwe kinanda, fidla au kuimba ili apate alama njema katika hesabu, awe na akili kali, na mwisho wake apate kazi yenye mshahara mnono. Maneno haya husikika katika vikao vya wazazi, huonekana katika matangazo ya shule za kulipia, na hata walimu wa muziki wenyewe huyashika kama ngao pindi ratiba inapopunguzwa. Sisi twayakataa. Ushahidi wake ni haba, na hata ungalikuwa mwingi, yangalikuwa matusi kwa muziki.

Asili yake si ya zamani. Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine waliwasikilizisha wanafunzi 36 sonata ya Mozart kwa dakika kumi, wakaona kuwa baada ya hapo walifanya vizuri zaidi jaribio la kufikiri juu ya maumbo. Athari hiyo haikupita robo saa. Tena waliojaribiwa walikuwa watu wazima, na hawakufundishwa kitu, walikaa wakasikiliza. Lakini mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia katika Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe muziki wa kusikiliza. Robo saa ya mwanafunzi wa chuo ikageuzwa kuwa umri mzima wa mtoto!

Yuko aliyefanya kazi kwa makini zaidi. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Toronto alitoa matokeo ya watoto 144 wenye umri wa miaka sita. Baadhi walifundishwa kinanda, baadhi kuimba, baadhi kuigiza, na waliosalia hawakufundishwa lolote. Waliosoma muziki waliwazidi wenzao katika kipimo cha akili kwa nukta tatu hivi, basi. Walioigiza ndio walioendelea katika tabia ya kuchukuana na watu. Kisha mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet wakachapisha mapitio ya tafiti 54: kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu, ndivyo faida ilivyopungua, hata ikakaribia kutoweka.

Tutaulizwa, mbona basi waliosoma muziki utotoni aghalabu huonekana wamefaulu? Tazama nyumba walizotoka. Mzazi awezaye kumlipa mwalimu wa kinanda aweza pia kununua vitabu, kuweka taa ya kusomea na kumlisha mtoto mara tatu kwa siku. Kukisifu kinanda kwa matunda ya mfuko wa baba ni sawa na kuusifu mwavuli kwa kuleta mvua.

Na hatari yenyewe ni hii: ukiupeleka muziki mbele ya hakimu aitwaye Hesabu, hakimu huyo atauhukumu kwa sheria zake. Siku atakapoona kuwa nukta tatu hazitoshi, atalifuta somo, na watetezi watakuwa wamekwisha kukubali mamlaka yake.

Basi masomo ya muziki humwachia nini mtu? Humwachia sikio. Mtoto aliyeimba sauti ya pili katika kwaya amejifunza jambo gumu: kushika njia yake huku akiisikia ya mwenziwe, asimezwe wala asimzidi. Amejifunza kunyamaza kwa hesabu ya mapigo mpaka zamu yake ifike. Amekosea mbele ya watu wote, na wimbo haukusimama kumngoja atoe udhuru. Mtu huyo aweza kukaa miaka thelathini asiguse ala yoyote, lakini penye watu wengi husikia mara moja sauti iliyotengwa.

Lakini tusiwe wanafiki. Masomo hayo pia yamejeruhi. Nani asiyemjua mtu mzima aliyeambiwa utotoni, mbele ya darasa, “Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti”? Alitii. Hata leo arusini, ibadani na mazikoni huchezesha midomo. Huyu naye ni mwanafunzi wa zamani wa muziki, na somo lake limeshika kuliko la wengine wote. Mwalimu alitaka kombe la mashindano. Alilipata, akaua sauti moja kwa ajili yake. Kila penye kipimo cha faida ya nje, awe ni kombe au alama, mtoto wa namna hii atatolewa kafara.

Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake. Alikufa mwaka 1905. Sauti ya wimbo ule ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Zambia, na imo katika ule wa Afrika Kusini. Wakenya nao, walipotafuta wimbo wao mwaka 1963, waliuchukua katika bembelezi la mtoto la Wapokomo. Hakuna aliyeuliza kwanza kama watoto walioimbiwa bembelezi lile walijua kugawanya.

Watasema fedha hazipo. Fedha za nini? Kwaya ya Sontonga ilianza na makoo ya watoto. Ngoma moja, matari mawili na mwalimu asiyeona haya kuimba mbele ya darasa, tena asiyemnyamazisha mtoto, vyatosha kuanzia Jumatatu ijayo. Kinanda kitakuja, kisipokuja, basi.