Mwizi Mwenye Adabu

Mwezi uliopita tulikutana kwetu, wapenzi jozi tatu, tukacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa Kimarekani wa mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine mnajifanya shujaa, mchawi au mwizi, kete zinaamua. Mume wangu akachagua mwizi. Nusu saa haijaisha, kaniibia dhahabu mimi! Meza nzima ikamjia juu: bwana, unaibia mazimwi, huibii wenzako wa safari.

Nilinuna kuliko mchezo ulivyostahili. Ukweli ni kwamba Jumanne ya wiki ileile elfu kumi ilitoka kwenye mkoba wangu nikiwa nimelala. Nilipouliza, akacheka: “Si utani tu, mama.”

Utani? Yeye ni mtu wa Newala, anaujua kuliko mimi. Kwenye msiba wa bibi yake mtani alijilaza mbele ya kaburi, jeneza likasimama mpaka akapewa chochote. Mwingine akapita na viatu vya shemeji yangu. Hakuna aliyeita polisi. Lakini jamani, yule alichukua mchana kweupe, mwenyewe anaona, na viatu vikakombolewa kwa hela ya soda. Usiku kucha alikuwa jikoni akichochea moto wa wafiwa. Na msiba ukiwa kwake, ataporwa yeye.

Huko kusini uporaji haukuwa mchezo siku zote. Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana kama Magwangwara, walivamia misheni ya Masasi, wakaua na kuteka watu. Misheni ikahamia Newala kwa muda. Wazee wengi husimulia kwamba utani wa Wangoni na makabila waliyopigana nayo ulizaliwa na vita hivyo. Yaani wajukuu wa waliouana wamewekeana masharti ya kuchukuliana viatu, na wanayashika. Sisi wa harusi ya kanisani na kamati ya watu arobaini tunashindwa na mkoba!

Nilimwambia hivyo wageni walipoondoka. Alikaa kimya, akiokota kete chini ya meza. Halafu akaniuliza kwa nini mimi hupekua simu yake akiwa bafuni.

Hapo nami nikakosa jibu. Dhahabu ya mchezoni amerudisha. Elfu kumi tunaijadili, na simu sasa inalala mezani.