Ukijua Mwenyewe, Hatupotezi Kitu

Kila tukienda sokoni kufunza wafanyabiashara, lazima mtu atuulize: "Sasa mkitufunza kila kitu bure, nyinyi mtakula nini?"

Swali ni la haki. Kuna washauri wengi ambao riziki yao ni kuficha. Anakufanyia kazi, anakupa jibu, lakini njia hakuonyeshi. Mwezi ujao unarudi kwake na pesa mkononi. Sisi tunaona hiyo ni hasara kwa pande zote mbili.

Tulikutana na mama mmoja anayeuza vitunguu Marikiti, Nairobi. Kila jioni alikuwa akimpa kijana wa kibanda jirani simu yake, pamoja na PIN, amwangalizie mauzo ya siku. Kijana hakuwa mwizi. Lakini siku moja kijana akiwa amesafiri, mnunuzi alimwonyesha mama ujumbe wa malipo kwenye simu ya huyo mnunuzi. Mama akaamini, akatoa gunia zima. Pesa haikuingia hadi leo.

Tungeweza kumwambia, "Ukipata shida tena, tupigie." Badala yake tuliketi naye karibu saa nzima, simu ikiwa mkononi mwake, si mwetu. Alijifunza mambo manne tu:

- Ujumbe ulio kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo.
- Ukituma pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukikosea, ripoti papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa.
- Taarifa ya akaunti unaweza kuitoa mwenyewe, uone kilichoingia na kilichotoka.
- PIN ni yako peke yako. Hata mhudumu wetu hana ruhusa ya kukuuliza.

Kabla hatujaondoka, alibadilisha PIN yake bila kusaidiwa na mtu. Tuliporudi baada ya wiki mbili, tulimkuta akimwelekeza mwenzake wa nyanya.

Wacha tuseme ukweli, hata sisi hukosea. Mteja akipiga simu na foleni ni ndefu, ni rahisi kumalizana naye haraka bila kumweleza jinsi tulivyofanya. Dakika tano zimeokolewa, lakini kesho atapiga tena kwa shida ileile. Ubaya zaidi, siku akikosa kutupata, atamtafuta yeyote aliye karibu na kumpa simu. Matapeli wanamngoja hapo hapo.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa simu ya pesa, anayetegemea macho ya mwenzake anaweza kufilisika kwa ujumbe mmoja tu.

Kwa hivyo hatuogopi ukijua. Mteja anayeelewa hesabu yake hulipwa bila wasiwasi, biashara yake hukua, na akikwama kweli huja na swali kubwa zaidi. Huyo ndiye tunayetaka kufanya kazi naye.

Leo jioni kabla hujafunga duka, shika simu yako na uangalie mauzo ya siku mwenyewe. Ukikwama, tuulize. Lakini usikubali tukufanyie tu. Tudai tukuonyeshe njia.