Bunduki ya Kwanza Isiwe ya Deni

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, dada yangu alibisha hodi kwangu hapa Mombasa, na hata kikombe cha kahawa hakukigusa. Aliketi ukingoni mwa kiti, simu mkononi, akaniambia: "Kaka, mwanao anataka kununua bunduki."

Mwana huyo ni mpwa wangu, aliyeondoka hapa miaka tisa iliyopita na ambaye leo anaendesha basi katika mji wa Leicester, Uingereza. Ana mke na watoto wawili. Mamake alikuwa amesikia neno moja tu, bunduki, na neno hilo lilimtosha. Alitaka nimpigie simu kijana usiku ule ule nimkataze, kwa kuwa mjomba ni mkubwa wake.

Sikumkataza. Na kwa vile najua kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wana mtoto, ndugu au jirani huko ng'ambo, nimeona niwaeleze kwa nini sikumkataza, na ni nini nilichomkataza badala yake.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Bunduki anayoitaka kijana ni bunduki ya marisau, ile ambayo baadhi ya wazee wetu wa mashambani walikuwa nayo kwa ajili ya kufukuza nguruwe mwitu na nyani. Kiasi chake kimoja hubeba marisau mamia, nayo hutawanyika yakishatoka mdomoni mwa mtutu. Kinacholengwa si mtu wala mnyama, bali ni kisahani cha chokaa na lami, upana wake milimita 110, kinachorushwa hewani na mtambo. Mlengaji husema neno, kisahani kikaruka, naye ana nukta mbili tatu tu za kukivunja.

Zamani Wazungu walikuwa wakifungua vizimba na kuwalenga njiwa hai. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 njiwa walipigwa mbele ya watazamaji. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria mwaka 1921. Sisi tulisomeshwa chuoni, tukiwa bado watoto wa kuandika kwenye ubao, kwamba kitu chenye roho hakifanywi shabaha. Basi hawa waliotoka kwenye njiwa wakaenda kwenye udongo wamefika pale ambapo mwalimu wangu wa chuoni angewataka wafike. Na huyo huyo ndiye aliyetusomesha kuwa kutupa mshale ni katika mambo machache ambayo wanazuoni wamekubali watu washindane kwa zawadi, pamoja na mbio za farasi na za ngamia.

Wala mchezo huu si wa Wazungu peke yao. Nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Umoja wa Falme za Kiarabu ililetwa na mlenga visahani, Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum, aliyetwaa dhahabu Athens mwaka 2004. Fehaid Al-Deehani wa Kuwait alipata dhahabu yake Rio mwaka 2016. Mwenzake Abdullah Al-Rashidi alipata nishani ya shaba katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 57. Nilipomweleza dada haya alitulia kidogo, lakini akauliza swali la mama: "Na hao wajukuu zangu waliomo nyumbani?" Swali hilo nitalirudia.

Nilipozungumza na kijana ndipo nilipoona kuwa hatari ilikuwapo, ila haikuwa ile aliyoiogopa mamake. Alikuwa na akiba ya pauni 900. Bunduki aliyoipenda ilikuwa mpya, ubavu wake umenakshiwa maua kwa rangi ya fedha, mti wake unang'aa kama sahani ya halua, na bei yake ilikuwa pauni 2,300. Zilizobaki angekopa, alipe kila mwezi na riba juu yake.

Nikamuuliza, kwa nini hiyo? Akanyamaza, kisha akasema maneno yaliyonichoma: "Mjomba, pale kiwanjani mweusi ni mimi peke yangu, na Mwislamu ni mimi peke yangu. Nikienda na kibunduki kibovu watanionaje?"

Ndugu msomaji, nani kati yetu asiyeyajua maneno hayo? Ndiyo yanayotufanya tukope kwa ajili ya arusi ya siku tatu tukalipa kwa miaka mitatu. Ndiyo yanayomfanya mwanamke aazime dhahabu ya jirani ili asionekane shingo tupu. Kijana alivuka bahari, lakini ugonjwa wetu aliufunga katika mizigo yake.

Mwaka jana Mungu alinijaalia kwenda kuwaona, na Jumapili moja akanichukua kiwanjani. Sheria ya kule inamruhusu hata asiye na cheti kulenga visahani kwa bunduki ya kuazimwa, kwenye uwanja uliopewa idhini ya polisi. Nikapewa bunduki na mwalimu wa kunisimamia. Katika visahani 25 nilivunja vinne, na shavu langu likavimba kama la mtu mwenye jino bovu. Mwalimu akanitazama, akacheka, akasema kitako kilikuwa kirefu mno kwangu.

Hapo nilijifunza somo la kwanza. Bunduki ya marisau hailengwi kama bastola, kwa kufumba jicho na kupima. Macho yote mawili hutazama kisahani, na mtutu hufuata macho. Kwa hivyo ni lazima ikukae mwilini. Kitako kikiwa kirefu hukwama kwapani ukiinyanyua. Kikiwa kifupi, kidole gumba chako hukupiga puani. Shavu likikaa chini mno huoni mbele, likikaa juu mno marisau yatapita juu. Kanzu ni hivyo hivyo: ya hariri iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine itakuaibisha, na ya bafta iliyokatwa kwa mwili wako itakupendeza. Basi maoni yangu ya kwanza ni haya: asinunue mtu bunduki kabla hajalenga mara kadhaa kwa bunduki za uwanja, wala asinunue asiyoijaribu begani.

Somo la pili ni la aina. Ziko zenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu, ziko zenye mitutu miwili mmoja juu ya mwenziwe, na ziko za mtutu mmoja zinazojipakia zenyewe kila ukipiga. Hizi za mwisho teke lake ni dogo, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Lakini hutupa maganda ovyo, zataka kusafishwa sana, na mtu aliye mbali hawezi kujua kama imo kiasi au haimo. Kwa anayeanza nasema achukue ya mitutu miwili juu na chini, ya kipimo cha 12. Sababu ni nyepesi. Ikifunguliwa, kila mtu kiwanjani aona kuwa ni tupu. Vyombo vyake vya ndani ni vichache. Na viasi vya kipimo cha 12 ndivyo vinavyopatikana kila duka. Mtutu wa inchi 28 au 30 watosha. Uzito wa kilo tatu na nusu hivi usimtishe, kwa sababu bunduki nyepesi ndiyo ipigayo teke kali. Na aanze na viasi vyepesi, vya gramu 21 au 24, bega lizoee.

Somo la tatu ni la bei, na hapa ndipo tulipogombana. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na ni kweli. Lakini walisema pia kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiyo ni kweli zaidi. Mtu mwenye pesa kidogo ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua mpya ya bei nafuu, na nyingi za namna hiyo hutoka Uturuki. Nisingezidharau. Huko katika jimbo la Konya uko mji wa Huğlu ambao watu wake wanaishi kwa ufundi wa bunduki, na tangu mwaka 1962 mafundi wake wana chama chao cha ushirika. Njia ya pili ni kununua iliyokwisha tumika ya kiwanda chenye jina, kama Beretta ya Italia au Miroku ya Japani. Bunduki hizi zikitunzwa hupiga makumi ya maelfu ya viasi, mafundi wanazijua, na vipuri vyake vinapatikana. Na siku ukichoka na mchezo, utaiuza usipoteze sana. Mimi nachagua hii ya pili.

Ila ya kutumika hununuliwa kwa macho. Uifungue uchungulie mitutu kwenye mwanga, isiwe na kutu wala bonde. Uondoe kishikio cha mbele, uifunge, kisha uitikise; ikicheza kwenye bawaba, bawaba imelika. Utazame mihuri ya kupimwa nguvu, maana kule kuna nyumba za kupima bunduki, ile ya London ya tangu karne ya 17 na ile ya Birmingham ya tangu mwaka 1813. Na umuulize muuzaji kama mitutu yakubali marisau ya chuma, kwani mwaka 2025 serikali ya huko ilitangaza mpango wa kuyaondoa yale ya madini ya risasi. Ukiwa hujui haya, nenda na fundi, au na mzee wa uwanja.

Kisha hesabu. Mwenye kuhesabu bei ya bunduki peke yake ni kama anayenunua jahazi akasahau tanga. Cheti cha polisi, ambacho hudumu miaka mitano, ada yake iliwekwa kuwa pauni 194 mwezi wa Februari 2025. Kuna taarifa ya daktari. Kuna kabati la chuma. Kuna vizibo vya masikio na miwani. Na kila Jumapili ya visahani 50, kijana aliniambia, humtoka pauni 40 hivi. Sasa mwenye deni la pauni 1,400 atazitoa wapi za viasi? Atakuwa na bunduki yenye maua ya fedha iliyofungiwa kabatini, na kila mwezi barua ya benki.

Nitarudi kwa swali la dada. Kule polisi hawatoi cheti mpaka waridhike kuwa bunduki itafungiwa mahali pa salama, na ufunguo wa kabati usijulikane na mtu asiye na cheti, hata mke. Nilimwambia kijana mbele ya mkewe: ikiwa pesa zako zatosha bunduki lakini hazitoshi kabati, basi hazitoshi bunduki. Hapo sikubali mjadala. Wala msomaji wa hapa asidhani nampa ruhusa ya kutafuta silaha. Kwetu iko Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na asiye na cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha asiiguse.

Najua kuna atakayesema: kijana ana mama Mombasa, na pauni hizo zingeezeka paa. Nami nampa haki yake. Lakini kijana hutuma kila mwezi, hakosi, na mtu anayeendesha basi siku sita ana haki ya Jumapili moja. Anachokosa haki nacho ni kulipa riba ili asionekane mnyonge.

Jumapili ile tulimwona mzee mmoja, koti lake limetoboka kiwiko, bunduki yake imepauka hata rangi haijulikani. Alivunja visahani 23 katika 25. Hakuna aliyemtazama koti. Watu wote walikuwa wakimtazama miguu, jinsi anavyosimama. Mpwa wangu alimtazama mpaka mwisho, na njiani tulipokuwa tukirudi hakusema neno.

Baada ya miezi miwili alinipigia simu. Amenunua Miroku ya kutumika kwa pauni 550, taslimu, na yule mzee ndiye aliyekwenda naye kuichagua. Fundi amekipunguza kitako kidogo. Kabati limefungwa ukutani kwa parafujo nne. Dada bado hajapenda. Kila Jumapili jioni huuliza kama imeshafungiwa, ndipo aulize habari za watoto. Na aulize. Swali lake ni sehemu ya kufuli.

Nami nimempelekea kijana ubeti mmoja, na akipenda aubandike mlangoni mwa kabati:

Mpwa nunua bunduki, ikukaayo begani,
Rangi yake haidaki, kisahani ki hewani,
Na deni halifichiki, kukicha li mlangoni,
Shabaha haipatiki, kwa pambo la mkononi.