Tume ya Uchumi ya Wananchi Haitatoka Ikulu



Ndugu yetu, dada yetu, hebu tuanze na swali dogo. Takwimu za serikali zasema uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Wewe ulikua kwa ngapi? Mama anayekaanga mahamri pale Kisauni alikua kwa ngapi? Na kijana wa Garissa mwenye shahada sandukuni na bodaboda ya mkopo mlangoni, je?

Usicheke. Swali hilo ndilo zito kuliko yote, na hatujaona jopo la serikali lililoketi kwenye mkeka kumuuliza yule mama.

Majopo tumeyaona. Kila mambo yakiharibika twaundiwa moja. Tume ya Ndung'u iliundwa 2003 kuchunguza ardhi ya umma iliyonyakuliwa, ikakabidhi ripoti 2004. Sisi Wapwani tulidhani sasa mambo yamekwisha. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja, watu wakatoa ushahidi wakilia, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao, na ripoti ikafika Ikulu Mei 2013. Uko wapi utekelezaji? Kesi za mashamba bado twazirithisha watoto kama vile twawarithisha shamba lenyewe.

Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Risasi zikalia, watu wakafa, na tarehe 26 Rais akatangaza hatautia sahihi. Hazikupita wiki mbili, akateua jopo la kukagua deni la taifa. Deni lenyewe limeshapita shilingi trilioni 10. Wananchi wakaenda kortini kusema kazi ya kukagua hesabu Katiba imempa Mkaguzi Mkuu, na Mahakama Kuu ikalisimamisha jopo. Hebu fikiria: aliyekopa ndiye achague wa kumkagua! Dukani kwako ungekubali?

Kwa hiyo ukisikia sasa wanaharakati wasema "tuunde tume ya wananchi ya kuusukuma uchumi", twaelewa kama moyo wako wasita. Utasema, haya, tume nyingine tena, chai na sambusa, picha, kisha kimya. Wasiwasi wako una haki. Lakini tofauti iko kwenye neno moja: nani anaiunda.

Na hili si ndoto. Limewahi kufanyika Kenya hii hii.

Mwishoni mwa 1999, serikali ya KANU ilitaka mabadiliko ya Katiba yafanyiwe Bungeni, mikononi mwake. Viongozi wa dini wakakataa. Wakakutana Ufungamano House, Nairobi: Wakatoliki, makanisa ya NCCK, Wahindu, na Waislamu kupitia SUPKEM. Mwaka 2000 wakaunda tume yao wenyewe, Tume ya Watu wa Kenya, chini ya marehemu Dkt. Oki Ooko Ombaka. Haikuwa na sheria ya Bunge nyuma yake wala bajeti ya Hazina Kuu. Ilikuwa na watu. Na uzito huo wa watu ndio uliofanya serikali ishindwe kuipuuza, mpaka 2001 ikaunganishwa na tume rasmi ya Profesa Yash Pal Ghai. Safari ile, pamoja na mabonde yake yote, ndiyo iliyotufikisha Katiba ya 2010. (Ndiyo, baadaye tuligombana na makanisa juu ya Mahakama za Kadhi. Hatufichi. Lakini kugombana kwa ndugu hakufuti kazi waliyoifanya pamoja.)

Sasa linganisha na BBI. Ile nayo ilijiita sauti ya wananchi. Ikazunguka nchi, ikakusanya sahihi kwa mamilioni. Lakini mzizi wake ulikuwa kwa Rais, na 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia ambayo ni ya raia. Mwananchi si muhuri wa kugongea karatasi ya mkubwa.

Kuna watakaosema: nyinyi watu wa haki za binadamu, uchumi mwaujulia wapi? Waachieni wataalamu.

Wataalamu twawaheshimu. Lakini Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipandishwe SGR, mtaalamu gani alimuuliza dereva wa lori? Nani alimuuliza fundi wa Changamwe, muuza tairi wa Mariakani, mama wa hoteli wa Voi na Mtito Andei? Hao walijua tangu siku ya kwanza litakalotokea, kwa sababu ndio waliokuwa wakihesabu sahani. Watu wakaandamana Mombasa. Ikabidi Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais mpya aahidi kurudisha shughuli za kuondoa mizigo bandarini Mombasa. Miaka mitatu ya njaa, kwa sababu wachache waliamua kutoka ofisini na hawakuona haja ya kutuuliza.

Na reli yenyewe je? Shilingi bilioni 327 kutoka Mombasa hadi Nairobi, nyingi zikiwa mkopo wa Uchina, na mkataba ukafichwa. Mwishoni mwa 2019 wanaharakati wa Okoa Mombasa waliandika barua ya kawaida tu kuomba kuona mikataba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yasema afisa wa umma ajibu ndani ya siku 21. Jibu likaja kwa amri ya mahakama hapa Mombasa, Mei 2022. Siku 21 ziligeuka karibu miaka miwili na nusu! Lakini tazama vizuri: Novemba 2022 baadhi ya mikataba ikawekwa hadharani. Hakuna aliyerusha jiwe. Ni barua, wakili, na kukataa kuchoka.

Hiyo ndiyo tume tunayoitaka, na hiyo ndiyo kazi yake. Hatutaki jukwaa la hotuba. Twataka watu wachache wanaojua kusoma bajeti, na wengi wanaojua bei ya unga, waketi pamoja. Dereva, mvuvi wa Lamu, mfugaji wa Wajir, mwalimu wa madrasa, mchungaji wa kanisa, mzee wa kaya, mhasibu aliyestaafu. Isiwe tume ya Waislamu peke yetu, kwani bei ya mafuta haiulizi dini. Na akina mama wasiwekwe mwisho wa orodha ili ionekane wapo. Biashara ndogo ndogo za mji huu wameshika wao, ilhali mabaraza yetu, tuseme ukweli, yamejaa wanaume tunaokunywa kahawa na kutatua matatizo ya dunia nzima.

Atakayeketi humo aape mbele ya watu kwamba hagombei kiti 2027, hata cha MCA. Hili halina mjadala. Tumechoka kutumiwa kama ngazi. Pesa za mwanasiasa pia zisiingie, hata za yule tunayempenda. Kumbi za misikiti na makanisa zipo, hazikodishwi. Kila mtu akitoa shilingi hamsini, karatasi na nauli zitapatikana. Na vikao viandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, visomwe kwa sauti, ili aliyetoa ushahidi asikie kama maneno yake yamebaki yake.

Waislamu, shura si neno geni kwetu. Qur'ani ina sura nzima yenye jina hilo. Na mwajua kisa kinachosimuliwa misikitini cha Khalifa Umar (R.A.): watu waligawiwa vitambaa, kimoja kimoja, naye akasimama na vazi lililohitaji viwili. Mtu wa kawaida akanyanyuka, akakataa kumsikiliza mpaka ajue kile cha pili kilitoka wapi. Hakukamatwa. Mtoto wa Khalifa ndiye aliyesimama akaeleza kwamba alimpa babake fungu lake. Kisha hotuba ikaendelea. Hapa kwetu, ukiuliza kitambaa cha pili waitwa adui wa maendeleo. Na baadhi ya mashekhe wetu, Allah atusamehe sote, wapo safu ya mbele Ikulu kwenye futari, hawaulizi hata cha kwanza.

Tuanzie wapi? Sisi twapendekeza Hazina ya Usawazishaji.

Wengi hawaijui, na yawezekana hilo limewafaa wengine. Kifungu cha 204 cha Katiba chasema nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa, kila mwaka, iwekwe kando kwa maeneo yaliyoachwa nyuma: maji, barabara, hospitali, umeme. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14. Someni majina yake: Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo, Lamu, Tana River, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Turkana, Samburu, Pokot Magharibi, Narok. Mwaona? Ni kwetu na kwa majirani zetu. Fedha hizo zimecheleweshwa miaka na miaka. Na Katiba imeipa hazina hii miaka 20 tu tangu 2010. Bunge lisipoongeza muda, Agosti 2030 inafungwa, na mtoto wa Tana River aliyezaliwa siku Katiba ilipozinduliwa atakuwa mtu mzima anayechota maji mtoni pamoja na mamba.

Twaambiwa uchumi wa taifa ukuzwe. Sawa. Nchi itakuaje na nusu ya ardhi yake haina bomba?

Basi barua ya kwanza ya tume iende kwa Hazina Kuu na kwa bodi ya ushauri ya Hazina hiyo. Iulize: tangu 2010, kila mwaka, ilistahili kuwekwa shilingi ngapi? Zimewekwa ngapi? Zimetoka ngapi? Kwa kila kaunti, kisima gani, barabara gani, mkandarasi nani? Tuisome wazi baada ya sala ya Ijumaa, na Jumapili isomwe kanisani, watu watie sahihi. Halafu tuhesabu siku 21 pamoja, msikitini, sokoni na kwenye stegi ya bodaboda. Siku ya 22, bila jibu, malalamiko yaende Tume ya Haki ya Utawala, ile watu waiitayo Ombudsman, na wakili awe ameshafungua faili.